Kaka, Miaka Miwili ya Baba Umeipeleka Wapi?

Kaka yangu,

Hupokei simu zangu. Wifi ananiambia presha yako imeshuka na unakula vizuri, ila jina langu likitajwa sebuleni unanyanyuka kwenda kuangalia ng'ombe. Basi nakuandikia hapa. Wanao husoma ninayoandika, na najua mmoja wao atakusomea hata ukijifanya umelala.

Nianze na lililo haki yako. Miezi ile ya mwisho ni wewe uliyekuwa ukimgeuza Baba usiku, ukimnyoa ndevu, ukambeba mgongoni hadi barabara kuu mvua ilipokata njia ya kwetu. Mimi nilikuwa Nairobi, natuma pesa na kupiga simu. Mtu yeyote wa ukoo akithubutu kusema hukumtunza Baba, mimi ndiye nitakayemnyamazisha. Lakini wewe uliyemtunza hivyo akiwa hai ulimpunguza siku ya kumzika, tena mbele ya watu waliopanda kutoka Voi na Mwatate kuja kumsikia akielezwa.

Wasifu niliuandika mimi. Kazi hiyo ulinipa mwenyewe, ukasema mwenye kalamu ni mimi. Ulipopanda pale mbele nilikuwa nimeketi na akina shangazi, nakufuata kwa kidole kwenye nakala yangu. Ulisoma vizuri, Kaka. Sauti yako ni ya Baba kabisa, ile ya kusita kidogo kabla ya kutaja jina la mtu. Ukafika hapa: "Akafanya kazi ya useremala jijini Nairobi." Ukanyamaza. Ukainua macho, ukanitazama mimi, si mtu mwingine. Halafu ukaendelea: "Mwaka 1978 akarejea nyumbani, akafungua karakana yake Voi." Kidole changu kilibaki juu ya aya ambayo hukuisoma. Nikafungua kitabu cha ibada, na humo pia haimo. Maana yake ulikwenda kwa mchapaji ukaitoa mapema, na usiku wake tukala meza moja bila wewe kunitamkia neno.

Kama ungesoma umeinamia karatasi, ningesema umejisahau, machozi yamekuziba. Lakini ulinitazama kwanza. Hapo ndipo ninapokwama kila ninapojaribu kukusamehe.

Aya yenyewe ilikuwa fupi. Sasa nitaiandika kwa urefu wake, nawe utaisoma yote kwa sababu hakuna mchapaji hapa.

Mwaka 1976 Kenya iliteua michezo miwili ya kuigiza ipelekwe Lagos, Nigeria, kwenye tamasha la pili la sanaa na utamaduni la watu weusi na Waafrika wa dunia nzima. La kwanza lilikuwa limefanyika Dakar mwaka 1966. Mchezo mmoja ulikuwa Betrayal in the City wa Francis Imbuga, ulioongozwa na Tirus Gathwe. Wa pili ni The Trial of Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Micere Githae Mugo, wote wawili walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na ukaongozwa na Seth Adagala. Baba aliingia huo wa pili kwa mlango wa nyuma, ameshika msumeno. Hakuwa mwigizaji. Jina lake halimo katika kitabu chochote, wala hakulitafuta humo.

Waandishi wale walikwenda Karunaini, Nyeri, kwa kina Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, wakaketi na watu waliomjua kabla hajawa jina la kuogofya kwenye magazeti ya wakoloni. Baba aliipenda sana habari hiyo. Alisema anayetaka kumweleza marehemu sharti kwanza aende kwao akasikilize. Ulikuwepo alipokuwa akisema hivyo, pale nje ya karakana, mara ngapi sijui.

Na kesi yenyewe unaijua. Kimathi alikamatwa Oktoba 21, 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola, akanyongwa gereza la Kamiti Februari 18, 1957. Mchezo unamweka kizimbani, kisha unamrudisha seli, na humo wanaingia mmoja baada ya mwingine watu wa kumbembeleza: akiri tu, awaite wenzake watoke msituni, atapewa uhai wake. Wenye benki wanakuja, mwanasiasa anakuja, mhubiri anakuja. Anawakatalia wote. Nje ya mahakama yupo Mwanamke, na wapo Mvulana na Msichana waliozoea kugombania senti barabarani, ambao mwishoni wanabeba bastola iliyofichwa ndani ya mkate.

Kizimba kile alikijenga Baba. Alikitengeneza kwa skrubu badala ya misumari, ili kifunguliwe vipande vipande na kubebwa safari. Miaka mingi baadaye, akimfundisha kijana wa kazi kuunga mbao za kitanda, alikuwa akisema, "Piga skrubu, huenda kikahitajika kusafiri." Wateja wa Voi hawakujua kitanda chao kimetokana na mahakama ya Kimathi.

Haya, ukumbi. Ukumbi wa Taifa wa Nairobi ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule wakoloni walipotangaza hali ya hatari, na hata mwaka 1976, uhuru ukiwa na miaka 13, sauti za wageni bado zilikuwa nyingi katika kuuendesha. Michezo miwili ya Kenya inayokwenda kuiwakilisha nchi ilipewa siku chache tu, ikabanwa katikati ya baleti ya Wafaransa na mchezo wa kuchekesha wa nyimbo kuhusu Roma ya kale. Mabishano yalikuwa makali. Baba alikumbuka zaidi kwamba muda wa kuingiza mbao jukwaani ulikuwa finyu, na kwamba walifanya kazi ile usiku.

Mchezo wa Kimathi ulifunguliwa Oktoba 20, 1976. Ilikuwa Siku ya Kenyatta, kumbukumbu ya usiku ule wa 1952 viongozi walipokamatwa. Na hapa, Kaka, naomba usiinuke kwenda kwa ng'ombe. Wewe ulikuwepo. Mimi sikuwa nimezaliwa. Baba alikuchukua, ukiwa na miaka minane, akakuketisha karibu na jukwaa mahali ambapo angekuona kutoka nyuma ya pazia. Waigizaji walipomaliza wakashuka wakipita katikati ya watazamaji wakiimba, watu waliinuka wakaungana nao, wakatoka ukumbini wakicheza hadi nje, na hoteli ya Norfolk iko ng'ambo pale, ile waliyokuwa wakinywea walowezi. Baba alikubeba mabegani ukiwa unapiga makofi. Ukirudi nyumbani ulikuwa ukiiba mkate wa chai, unaficha kijiti ndani yake, unatembea nao uani kama yule Mvulana, na Mama akachoka kuokota makombo. Habari hizi nilizisikia kwao wote wawili, Baba na Mama, kila mmoja kwa wakati wake, na zilifanana.

Nimekua nikikuonea wivu kwa jioni hiyo moja kuliko kwa kitu chochote ulichorithi. Shamba chukua. Nilichotaka mimi ni kuwa mtoto aliyeona.

Kisha Lagos. Tamasha lilifanyika Januari 15 hadi Februari 12, 1977. Lilikuwa limeahirishwa mara kadhaa. Nigeria yenyewe ilikuwa imepinduliwa serikali mwaka 1975 na kumpoteza Murtala Mohammed kwa risasi mwanzoni mwa 1976. Walipofika walikuta wageni kutoka nchi zaidi ya 50, na kijiji kizima cha nyumba mpya kilichojengwa kwa ajili yao. Baba, aliyekulia katika nyumba ya udongo huku milimani, alikwenda kuutazama ukumbi mkuu wa Iganmu uliojengwa na Wabulgaria, wenye paa la umbo la kofia ya askari na ukumbi wa ndani wa viti 5,000. Aliupima kwa hatua. Alinitajia urefu wake hadi mwaka aliokufa, na bado alikuwa na mashaka na jinsi walivyounganisha paa lile.

Kazi iliyomtesa kule ilikuwa ya mkate. Mkate wa Lagos ni mrefu na mlaini, ukitia bastola ya mbao ndani unabonyea na kila mtu anaona kilichomo. Akazunguka sokoni na mwenyeji mmoja akiminya mikate hadi wauzaji wakamfokea, mwisho akaamua kuikausha juani na kuijengea kifuniko cha ndani cha ubao mwembamba. Aliponisimulia hilo alikuwa ameacha kula vizuri, lakini mikono yake ilinionyesha unene wa ule ubao.

Na kile kitambaa cha tamasha unakikumbuka, kilichokuwa kikifunika redio ya Mama. Ile sura iliyo juu yake ni ya Malkia Idia wa Benin, kinyago cha pembe ya ndovu ambacho Waingereza walikichukua walipoivamia Benin mwaka 1897. Nigeria iliomba kiazimwe kwa ajili ya tamasha, makumbusho ya London yakakataa, wakachora sura yake wakaifanya nembo. Mama alikifua kwa mkono peke yake, hakumruhusu mtu. Kiko wapi sasa? Sikukiona kwenye vitu tulivyogawana.

Tamasha lilifungwa Februari 12. Siku sita baadaye ilitimia miaka 20 tangu Kimathi anyongwe, na siku hiyo hiyo, kule Lagos, wanajeshi wakavamia nyumba ya Fela Kuti, mwanamuziki aliyekuwa amekataa kushiriki tamasha, wakaichoma. Baba aliliweka jambo hilo moyoni. Alisema alielewa tangu hapo kwamba serikali inaweza kukupakia kwenye ndege na mchezo wako leo, na kesho mchezo huo huo ukawa ushahidi dhidi yako.

Haikuchukua mwaka. Oktoba 1977 kule Kamiriithu, Limuru, Ngũgĩ na wanakijiji walionyesha mchezo wao kwa Kikuyu, katikati ya Novemba ukapigwa marufuku, na mwaka ulipokuwa ukiisha akakamatwa. Aliwekwa kizuizini bila kesi hadi Desemba 1978. Pale alipokuwa ameajiriwa Baba waliacha kumwita, bila barua, bila sababu. Ndipo wakaja wale watu wawili nyumbani. Mimi hilo nalijua kwa masimulizi; wewe ndiye uliyefungua mlango. Mama alikuwa amekufundisha la kusema, na ulilisema bila kutetemeka, mtoto wa darasa la nne. Usiku ule Mama akachoma karatasi zote za Lagos jikoni, wewe ukimpa moja moja.

Nalijua hilo, Kaka. Nakuomba uamini kwamba nalijua. Uliambiwa unyamaze ukanyamaza, na kunyamaza kwako kulitulisha. Tungeweza kukosa hata ile karakana. Shangazi ameniambia hadi leo ukisikia gari limesimama nje usiku unazima taa. Nikikumbuka hilo hasira inanitoka, natamani nije tukae jikoni tu tukoroge chai tusiseme kitu.

Lakini Baba aliacha kuogopa, wewe ukaendelea kuogopa kwa niaba yake. Marufuku ya Mau Mau iliyowekwa na wakoloni iliondolewa mwaka 2003. Februari 18, 2007, miaka 50 kamili, sanamu ya Kimathi ikazinduliwa katikati ya Nairobi, kwenye barabara yenye jina lake, ameshika bunduki. Baba alipanda basi kuja kuiona. Nilimpeleka mimi. Aliizunguka, akagusa msingi wake, akaniambia waliotengeneza walijua kazi. Hakutazama nyuma kama kuna mtu anayemfuata. Ulialikwa safari ile ukasema una mnada wa mifugo.

Waandishi wenyewe wote wawili waliishia ugenini. Walitoka nchini mwaka 1982, Ngũgĩ akabaki Uingereza, Micere akaenda Marekani kisha Zimbabwe, nchi iliyompa uraia. Mwaka 1984 mchezo ukapandishwa jukwaani tena London, Africa Centre, safari hii bila serikali ya kuulipia nauli, na Ngũgĩ mwenyewe akiwa miongoni mwa walioongoza. Baba aliposikia, miaka imeshapita, aliuliza swali moja tu: kizimba walijenga cha namna gani? Micere akafariki Juni 30, 2023. Ngũgĩ akafuata Mei 28, 2025, na Baba akaisikia habari hiyo redioni akiwa kitandani, nawe ulikuwa unamlisha uji. Uliniambia mwenyewe kwenye simu kwamba aliusukuma uji akasema, "Sasa nimebaki na watoto tu." Ulilielewaje neno hilo? Mimi nilielewa kwamba anatukabidhi.

Nilipokuuliza jioni ya mazishi, ukanijibu mambo mawili. La kwanza, eti Kimathi si wa kwetu, ni habari za Wakikuyu. Kaka, Imbuga alikuwa Mmaragoli, Micere alitoka Kirinyaga, seremala wao alitoka Wundanyi. Walipanda ndege kama Kenya, na Baba alijiita Mkenya kwa mara ya kwanza akiwa Lagos, alipoulizwa anatoka wapi na mtu aliyetoka Brazili. La pili, eti kanisani si mahali pake. Mbona ulisoma kwamba alitengeneza viti vya kanisa? Mikono ni ile ile.

Nikushauri kitu, japo mimi ni mdogo wako. Usiwalee wanao ndani ya ukimya ule. Kifungua mimba wako anaigiza shuleni, wewe unamwambia anapoteza muda. Ana sikio la babu yake na hajui. Mwambie. Mtoto akijua babu yake alibeba mahakama nzima kwenye ndege, atajua ana pa kusimama. Mimi nilijua, na ndiyo iliyonisaidia kusimama siku ile nikaomba kipaza sauti baada ya neno la shukrani. Wanasema niliwaaibisha. Nilisema sentensi mbili: kwamba Baba alikwenda Lagos mwaka 1977 na mchezo wa Kimathi, na kwamba kizimba alikijenga yeye. Kisha mfawidhi akaninyang'anya kipaza sauti, mwanamume ninayemzidi umri, na wewe umeketi unatazama viatu vyako. Sikupiga kelele. Sikutaja jina lako. Sikumwaga chozi. Mwanamke akisema ukweli kwa sauti ya chini kwenye mazishi ya baba yake, aibu ni ya nani? Na nilipoondoka kabla ya chakula, si kwa kiburi. Nilikuwa nimekwisha kukaa na wasifu usio wa Baba kwa saa tatu, sikuweza kukaa nao pia mezani.

Wale akina mama wawili wazee waliokuja kunishika mkono nje ya hema waliniambia wanaikumbuka redio ikitangaza tamasha lile. Walifurahi kusikia mtu wa kwao alikuwepo. Unaona? Watu walikuwa tayari kusikia.

Bakaa ya pesa za mahema nimeshamtumia mwenye mahema moja kwa moja, usimlipe tena. Na dawa za Shangazi zinaisha mwisho wa mwezi, mwambie wifi anikumbushe.

Kumbukumbu ya mwaka mmoja inakaribia. Nimezungumza na mchungaji, amekubali wasifu usomwe upya, na aya iko mahali pake kati ya 1975 na 1978. Sanduku la vifaa vya Baba liko stoo kwako na ufunguo unao wewe. Ulete siku hiyo, nataka randa na patasi zikae mezani, na kitambaa cha Malkia Idia kama kimo humo. Nimejiandaa kusoma mimi. Ila aliyekaa karibu na jukwaa ni wewe, aliyebebwa mabegani hadi nje ni wewe, na ningependa usome wewe. Nipigie kabla ya Jumapili. Lakini utasoma yote.

Dada yako